Mapunye na Mba: Historia ya Kuvu za Kichwani



Ndugu wazazi, walezi na vijana wetu wanafunzi, hakuna mwalimu wa madrasa asiyeyajua mapunye. Ukiwakalisha watoto thelathini juu ya mkeka, hukosi kumwona mmoja au wawili wenye mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika, ngozi inatoa unga kama wa majivu, na wenzao wamekwishawabandika majina. Ndugu zetu wa Kenya wanayaita mashilingi kwa sababu ya ule mviringo wa sarafu. Ukimuuliza mzazi wa kwanza atakwambia ni uchafu. Wa pili atasema ni damu mbaya, wa tatu ni kijicho cha watu. Na mtoto mwenyewe anaivuta kofia mpaka masikioni ili asionekane.

Mimi si tabibu, na makala haya hayachukui nafasi ya tabibu. Ninachotaka ni kusimulia historia, kwa sababu katika vitabu vyetu vya shule jambo hili halimo kabisa: kwamba vichwa vya watoto wenye mapunye ndivyo vilivyowaonyesha binadamu kwa mara ya kwanza kuwa kiumbe kisichoonekana kwa jicho kinaweza kuleta maradhi, na kwamba watoto haohao baadaye walipewa tiba iliyowadhuru kuliko ugonjwa wenyewe.

WALIVYOELEWA WATU WA ZAMANI

Maradhi haya ni ya kale. Warumi waliyaita kwa jina la nondo, yule mdudu anayetoboa nguo za sufu kabatini, kwa sababu kichwa chenye mapunye kinafanana na blanketi lililoliwa na nondo. Jina hilo la Kilatini, tinea, ndilo madaktari wanalolitumia mpaka leo. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza aina ile inayovimba na kutoa usaha kwenye vitundu vingi, na aina hiyo bado inaitwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya sega la asali.

Matabibu wa Kiislamu waliyaandika pia. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428 Hijria, 1037 Miladia) katika kitabu chake cha Al-Qanun ana maelezo ya sa'fa, yaani vidonda na magamba ya kichwani, na ana maelezo mengine ya mba. Alizitofautisha aina kavu na aina zenye majimaji, na alitaja dawa za kupaka. Lakini sababu aliieleza kwa elimu ya zama zake, iliyotoka kwa Wagiriki: kwamba mwili una michanganyiko minne, na ikiharibika mmoja hutoka nje kupitia ngozi. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kikasomeshwa Ulaya kwa miaka mamia. Kwa hiyo tunaposema leo "damu mbaya imetoka kichwani", tunarudia nadharia iliyokuwa elimu ya juu kabisa duniani, ila imepitwa na wakati.

Kutokana na nadharia hiyo ilitoka tiba iliyokuwa adhabu. Kama ubaya uko ndani na umekamata mizizi ya nywele, basi nywele lazima zing'olewe. Katika hospitali za Ulaya mtoto alivishwa kitambaa kilichopakwa lami, kikaachwa kigandamane na nywele, kisha kikavutwa kwa nguvu nywele zikaja nacho. Baada ya siku kadhaa kikarudiwa tena. Sina haja ya kueleza zaidi.

VIWAVI WA HARIRI

Mlango haukufunguliwa hospitalini, ulifunguliwa kwa wafugaji wa hariri. Kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Lodi, kulikuwa na maradhi yanayoua viwavi wa hariri na kuwaacha wamekauka na kufunikwa na unga mweupe. Watu walisema ni hali ya hewa, wengine majani mabaya. Agostino Bassi, mwanasheria kwa masomo na mkulima kwa hali, alianza kuchunguza mwaka 1807. Kazi ilimchukua zaidi ya miaka 25 na macho yake yakadhoofika. Mwaka 1835 akachapisha jawabu lake: unga ule ni kuvu iliyo hai, inahama kutoka kiwavi hadi kiwavi, na ndiyo inayoua.

Habari hiyo ilimfikia Johann Lukas Schönlein, tabibu Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zürich. Akajiuliza, ikiwa kuvu inaweza kumwangamiza kiwavi, je, magamba ya manjano ya wagonjwa wa kichwa? Mwaka 1839 akachapisha barua fupi sana kueleza kwamba ameyatazama kwa hadubini na ameona kuvu.

Kumbe kuna mtu aliyeona kabla yake. Robert Remak, kijana Myahudi kutoka Posen aliyekuwa akisoma Berlin, alikwishaziona nyuzi hizo mwaka 1837, lakini hakujua kwa yakini ni kitu gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 akafanya jambo ambalo ni wachache wangelikubali: alichukua gamba la mgonjwa akalifunga kwenye mkono wake mwenyewe, akasubiri mpaka ugonjwa ukaota. Halafu, alipoipa kuvu ile jina la kitaalamu mwaka 1845, hakujipa mwenyewe heshima hiyo, alimpa Schönlein. Chuo cha Berlin kwa miaka mingi kilimnyima ualimu kwa sababu hakukubali kuiacha dini yake. Alipata ruhusa mwaka 1847 tu, kwa amri maalumu.

Ndugu msomaji, tazama tarehe hizo. Pasteur anajulikana kwa kazi ya vijidudu ya miaka ya 1860. Koch alithibitisha kijidudu cha kimeta mwaka 1876 na cha kifua kikuu mwaka 1882. Tukiuweka kando upele, ambao mdudu wake anakaribia kuonekana kwa jicho, basi mapunye ndiyo maradhi ya binadamu yaliyotangulia yote hayo kujulikana kuwa yanaletwa na kiumbe kidogo kilicho hai. Yaliitangulia kimeta kwa zaidi ya miaka 30.

MTU WA PARIS ALIYESAHAULIWA

Kazi kubwa zaidi ilifanywa na David Gruby. Huyu alizaliwa mwaka 1810 kusini mwa Hungaria ya wakati huo, naye pia ni Myahudi, na alisoma Vienna. Alipoona mlango wa cheo umefungwa kwake alihamia Paris. Kati ya mwaka 1841 na 1844 aliwasilisha katika Akademia ya Sayansi mfululizo wa ripoti fupi. Alionyesha kwamba mapunye si maradhi ya aina moja. Kuna kuvu inayouzunguka unywele kwa nje kama ala, na kuna nyingine inayoingia ndani ya unywele na kuujaza mbegu mpaka unakatika. Kuvu moja aliipa jina la Audouin, mtaalamu Mfaransa aliyekuwa ameirudia kazi ya Bassi ya viwavi. Vilevile aliieleza kuvu ya utando mweupe katika vinywa vya watoto wachanga.

Yote hayo kwa miaka mitatu, na kwa hadubini tu! Wala hakuna aliyemsikiliza. Mabingwa wa ngozi wa Paris walisema kuvu ni matokeo ya ugonjwa na si sababu, kama vile ukungu unavyoota juu ya mkate uliokwisha kuharibika. London, bingwa aliyeheshimika sana, Erasmus Wilson, alikana kabisa kwamba kile kitu ni kiumbe hai. Gruby akaachana na utafiti huo. Akawa tabibu wa watu mashuhuri, akina Chopin na Heine, akajijengea kituo chake cha kutazama nyota katika mtaa wa Montmartre, na alifariki mwaka 1898 akiwa mzee wa miaka 88. Kwa karibu miaka 50 watoto waliendelea kutibiwa kama vile hakuandika chochote.

Mimi siwalaumu sana wale mabingwa kwa kudai ushahidi zaidi. Hoja yao ya ukungu na mkate haikuwa ya kipuuzi. Ninachowalaumu ni kwamba hadubini ilikuwepo, na wengi hawakuinama kutazama.

SABOURAUD NA MASHINE MPYA

Aliyemfufua Gruby ni Raymond Sabouraud (1864–1938), aliyepitia Taasisi ya Pasteur kisha akafanya kazi katika hospitali ya Saint-Louis, Paris. Kuanzia mwaka 1892 alizikuza kuvu hizi katika vyombo, juu ya rojo la sukari na protini lenye uchachu kidogo, uchachu ambao bakteria wengi hawaupendi. Rojo hilo linaitwa kwa jina lake na maabara za hospitali zinalitumia hadi hii leo. Alikuta kila alichosema Gruby ni kweli. Mwaka 1910 alitoa kitabu kikubwa juu ya mapunye. Alikuwa pia mchonga sanamu, na labda ndiyo sababu maelezo yake ya maumbo ni mazuri.

Lazima tuelewe mzigo aliokuwa akiuona kila siku. Mtoto mwenye mapunye alifukuzwa shule. Ndani ya ua wa Saint-Louis ilifunguliwa mwaka 1886 shule ya watoto hao peke yao. Na huko Marekani, sheria ya mwaka 1891 iliwazuia wahamiaji wenye maradhi ya kuchukiza au ya kuambukiza, na mapunye ya magamba ya manjano yakahesabiwa humo. Familia ilivuka bahari, ikauza kila kitu, kisha kwenye kisiwa cha Ellis mtoto anavuliwa kofia na daktari anasema huyu arudishwe. Mama atafanyaje? Abaki na wenzake au arudi na mtoto?

Wakati dawa hakuna, ikatokea mashine. Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwishoni mwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata Leopold Freund wa Vienna alionyesha kwamba mionzi hiyo inaangusha nywele. Sabouraud na msaidizi wake Noiré wakaona hapa ndipo penye jawabu: kuvu imo ndani ya unywele, basi tuuangushe unywele bila kuung'oa. Mwaka 1904 walitangaza njia ya kupima kipimo cha mionzi kwa kidonge kinachobadilika rangi. Kichwa kikipigwa mionzi leo, baada ya wiki tatu hivi nywele zinatoka zenyewe na kuvu ndani yake, kisha zinaota mpya. Kulinganisha na kofia ya lami, hii ilikuwa rehema. Hospitali ambazo mtoto alikuwa akikaa mwaka na zaidi zikaanza kuwaruhusu baada ya miezi michache. Mwaka 1909 Adamson wa London akarahisisha utaratibu, kichwa kikagawanywa sehemu tano na kila moja ikapigwa kwa zamu, na njia hiyo ikaenea duniani kwa miaka 50.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuangusha nywele, chumvi ya thaliamu ya kunywa, na hiyo ni sumu iliyoua watoto. Ukilinganisha, mashine ilionekana salama kabisa.

HESABU ILIYOCHELEWA

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 200,000 walipigwa mionzi ya kichwa kwa ajili ya mapunye kabla ya njia hiyo kuachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. New York walikuwemo, Yugoslavia walikuwemo kwa maelfu mengi, na mfano unaojulikana zaidi ni Israel. Baada ya mwaka 1948 wahamiaji wengi Mayahudi waliingia huko kutoka Morocco, Yemen, Iraq na kwingineko, na watoto wao walikaguliwa vichwa. Takriban 20,000 walinyolewa, wakapakwa nta kuondoa mabaki ya nywele, wakawekwa chini ya mashine. Wazazi wengi hawakujua lugha na hawakuelezwa kinachofanyika.

Watoto walipona mapunye. Wakaondoka, wakakua, wakaoa na kuolewa. Kisha miaka ya 1960 madaktari wa New York walioanza kuwafuatilia watu waliotibiwa hivyo utotoni waliona mambo yasiyo ya kawaida. Mwaka 1974 Baruch Modan na wenzake katika Israel walichapisha uchunguzi wa watu 10,902 waliopigwa mionzi utotoni, wakiwalinganisha na ndugu zao na watu wengine ambao hawakupigwa. Uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo vilizidi kwa waliopigwa. Uchunguzi wa mwaka 1988 uliendelea mbele: aina moja ya uvimbe, ule wa utando unaofunika ubongo, ulikuwa umezidi zaidi ya mara 9. Baadhi ya vimbe hizo zilijitokeza miaka 20 au 30 baada ya siku ile ya mashine. Mwaka 1994 Bunge la Israel lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia wale waliodhurika.

Zimeenea hadithi kwamba ilikuwa ni njama ya makusudi ya kuwaua watoto wa wahamiaji weusi-weusi. Nimezisoma na siziamini, kwa sababu tiba hiyohiyo, kwa kipimo cha namna hiyohiyo, walipewa watoto wazungu wa London na New York. Lakini hapana shaka kwamba watoto wa kambi za wahamiaji walichukuliwa kwa haraka na kwa wingi kuliko watoto wa wenye sauti, na kwamba baba asiyejua lugha hakuulizwa. Dhuluma hiyo inatosha, haihitaji kuongezwa njama juu yake.

Jambo jingine linaloumiza ni hili. Mapunye ya watoto, kwa aina nyingi, hayaui. Kuvu hizi zinakula keratini, ile protini ngumu ya nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi ambalo limekwisha kufa. Haziingii ndani ya mwili wa mtu mwenye afya. Tena ile kuvu ya Audouin mara nyingi humwacha mtoto anapobaleghe. Yaani baadhi ya wale watoto wangepona wenyewe.

MISONOBARI YA DORSET

Dawa ya kweli ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria mapunye. Mwaka 1939, katika Shule ya Afya na Tiba ya Nchi za Joto ya London, wanakemia Oxford (hili ni jina la mtu, si mji), Raistrick na Simonart waliitenga kemikali kutoka katika ukungu mmoja wa jamaa ya ule wa penisilini. Waliipa jina griseofulvini. Haikuua bakteria, basi wakaiandika wakaiweka.

Wakati huohuo katika nyika ya Wareham, mkoa wa Dorset, misonobari iliyopandwa ilikuwa haikui. P. W. Brian na wenzake walipochunguza udongo ule walikuta umejaa ukungu wa jamaa hiyo, na mwaka 1946 walieleza juu ya kitu kinachotokana na ukungu huo kinachozifanya nyuzi za kuvu nyingine zijipinde na kujikunja kama nywele za kipilipili. Baada ya muda kidogo ikabainika kwamba kitu hicho ni griseofulvini ileile. Kwa miaka kadhaa ilifikiriwa kuwa dawa ya mimea tu. Hatimaye J. C. Gentles wa Glasgow aliwalisha panya-buku walioambukizwa mapunye, na mwaka 1958 akatangaza kwamba wamepona. Mwaka huohuo ilianza kutumika kwa watu. Ghafla zile mashine zikawa hazina kazi.

Inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini dawa za kupaka pekee hazimponyi mtoto mapunye ya kichwani, na hapa ningependa wazazi wasimame kidogo. Kuvu imo ndani ya shina la unywele, mafuta ya kupaka hayafiki huko. Griseofulvini inamezwa, inapita kwenye damu, na inajipachika katika keratini ya unywele mpya unaoota. Haiui kuvu moja kwa moja, inaizuia tu isisonge. Unywele safi unasukuma ule mchafu juu mpaka unakatwa. Ndiyo maana dozi ni ya wiki 6 mpaka 8 na zaidi, na ndiyo maana inanywewa pamoja na chakula chenye mafuta, kwani tumbo huipokea vizuri namna hiyo. Mzazi anayesimamisha dawa wiki ya pili kwa sababu muwasho umekwisha anaiacha kuvu ndani. Siku hizi ziko dawa nyingine za kumeza kama tabinafini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1990, na daktari ndiye anayechagua kwa kuangalia aina ya kuvu na uzito wa mtoto.

Na kuhusu uchafu: mtoto anayeoga kila siku anapata mapunye vilevile, kwa sababu mbegu za kuvu zinahama kwa kofia, kitana, mto wa kulalia na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Nyingine zinatoka kwa paka. Basi madrasani kila mtoto awe na kofia yake.

NA MBA JE?

Nilitaja kwamba mapunye ya Audouin mara nyingi hukimbia wakati wa baleghe. Sababu yake ilichunguzwa Chicago na Stephen Rothman na wenzake katika miaka ya 1940: mafuta ya ngozi ya mtu mzima yana asidi ambazo kuvu ile haizivumilii. Lakini mafuta hayohayo ndiyo chakula cha kuvu nyingine, na hapo ndipo mba inapoanza. Kwa hiyo kijana anayeagana na mapunye anakaribishwa na mba. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya watu wazima wameipata kwa kiasi fulani.

Mwaka 1874 Louis-Charles Malassez wa Paris aliona katika magamba ya mba viduara vidogo vyenye kichipukizi ubavuni, na leo kuvu hizo zinaitwa Malassezia. Shida ni kwamba zilikataa kuota maabara. Kila mtu alizikuza kwa sukari, kumbe hazili sukari peke yake, zinataka mafuta. Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi: zilipotafutwa kwa watu wasio na mba zilikutwa pia. Kila mmoja wetu anazo, tokea uchanga. Sasa itakuwaje ziwe sababu? Katika miaka ya 1970 mabingwa wa Marekani, Kligman na Leyden, walisema wazi kwamba kuvu hizi ni wageni waalikwa, zimefuata magamba tu. Ni hoja ileile ya mkate na ukungu aliyopigwa nayo Gruby.

Mwaka 1984 Sam Shuster wa Newcastle aliipinga. Dawa zote zinazotibu mba, alisema, zina kitu kimoja kinachozikutanisha: zinaua kuvu. Na ukiiua kuvu mba inaondoka, ikirudi kuvu mba inarudi. Baadaye, mwaka 2005, ilionyeshwa jinsi inavyotokea. Malassezia inayakata mafuta ya ngozi, inakula sehemu inayoitaka na kuacha asidi ya oleiki. Kwa baadhi ya watu asidi hiyo inapenya na kuiudhi ngozi, nayo inajibu kwa kuzalisha tabaka upesi kupita kiasi, na tabaka hizo zinadondoka juu ya mabega ya kanzu. Watafiti waliwapaka watu asidi hiyo bila kuvu yoyote: wenye asili ya mba wakatoa magamba, wengine hawakutoa. Mwaka 2007 jeni za kuvu hiyo zilisomwa zote, zaidi ya 4,000, na ikaonekana haina kabisa jeni za kujitengenezea mafuta. Bila ya vichwa vyetu haiishi.

Kwa hiyo mabingwa wa pande zote mbili walikuwa na sehemu ya haki. Kuvu ni lazima iwepo, lakini hasira ni ya ngozi ya mwenyewe. Hili linaeleza kwa nini mba haiambukizi kama mapunye, na kwa nini shampuu inaituliza bila ya kuimaliza. Pia kumimina mafuta ya kupikia kichwani kwa nia ya "kulainisha mba" ni kuilisha. Madoa meupe ya kifuani na mgongoni, utangotango, yanaletwa na kuvu za ukoo huohuo, na jua na jasho vinazipendeza.

MALHAMU YA KUTULIZA MUWASHO

Limebaki jambo moja, nalo ni la leo. Madukani mwetu zinauzwa malhamu zenye steroidi kali kama klobetasoli, nyingine zimechanganywa na dawa ya kuvu na ya bakteria katika tyubu moja, nyingine zinanunuliwa kwa ajili ya kujichubua. Ukiipaka juu ya choa, muwasho unakoma siku ya pili na wekundu unafifia, kwa sababu steroidi imeunyamazisha mwili. Kuvu haijafa. Imepata nafasi ya kutambaa bila kupingwa, tena inapoteza ule mviringo wake hata daktari akiitazama haitambui. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliipa hali hii jina la Kilatini lenye maana ya choa kilichojificha.

Bara Hindi, ambako tyubu za namna hiyo zimeuzwa kwa miaka mingi bila cheti, imezuka kuvu inayosambaa mwili mzima na ambayo mara nyingi haisikii tabinafini. Wataalamu wanaamini matumizi hayo mabaya yamechangia. Ilipewa jina lake, Trichophyton indotineae, mwaka 2020, na imekwishaonekana katika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 2023 idara ya afya ya Marekani iliripoti wagonjwa wawili wa kwanza waliothibitishwa huko, wote wanawake wa New York. Mmoja hakuwa amesafiri nje ya nchi hivi karibuni, alitibiwa kwa itrakonazoli akapona. Mwingine choa kilimwanza akiwa Bangladesh, akapewa malhamu za kila namna na kisha tabinafini, hakuona nafuu. Daktari akarudi kwenye ile griseofulvini ya nyika ya Wareham, na baada ya wiki nne alikuwa amepata nafuu kiasi cha asilimia 80.